Nagombea Tena Kamati ya Shule: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Muda wa kamati yetu unaisha, na mkutano wa wazazi wa kuchagua wajumbe wapya umekaribia. Mimi ni mmoja wa wajumbe wanaomaliza. Ni fundi cherehani wa Ngamiani, wanangu wawili wanasoma hapa, na nimeamua kuomba tena. Tangu nilipolitamka hilo, sipiti soko la Mgandini bila kushikwa mkono na kuulizwa. Maswali ni yale yale, na jibu la kusimama njiani huku mtu kashika kikapu cha samaki huwa nusu jibu. Ndiyo maana nimeyaandika.

Jina la shule sikulitaja, wenyewe mnaijua. Wazazi wa shule nyingine za Jiji la Tanga nao watakuta mengi yanawahusu, maana sheria na nyaraka ni zile zile kuanzia Pongwe hadi Sahare.

## Mambo ya mwanzo

Unagombea kamati au bodi? Watu wanasema yote mawili.

Kamati. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi ya shule, na zote mbili zimo kwenye Sheria ya Elimu ya 1978. Kwa mzazi tofauti kubwa ni hii: wazazi wanaoingia kwenye kamati mnawachagua ninyi wenyewe mkutanoni, wale wa bodi huteuliwa. Ukiona mtu anakuomba kura ya bodi ya sekondari, mwambie kapotea njia.

Ndani ya kamati wamo akina nani?

Wazazi waliochaguliwa, wawakilishi wa walimu, mtu wa serikali ya mtaa na Afisa Elimu Kata. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Mwenyekiti hupatikana kwa wajumbe kumpigia kura, na hawi mwalimu. Kipindi ni miaka 3.

Mpangilio huo una maana yake. Mwalimu mkuu ndiye anayeandaa ajenda na kuandika muhtasari, kwa hiyo kamati isiyosoma muhtasari kabla ya kuupitisha imejikalisha pale kama pambo. Kazi kubwa ya mjumbe mzazi ni kusoma karatasi na kuuliza. Mengine yote yanafuata hapo.

Mnalipwa shilingi ngapi?

Hatulipwi mshahara. Shilingi 200,000 kwa mwezi mnazozisikia ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, inatoka serikalini na inaingia kwake. Haipiti kwetu.

Lazima uwe na kadi ya chama?

Hapana. Kamati si tawi la chama chochote, na uchaguzi wake hauhusiani na ule wa wenyeviti wa mitaa wa Novemba 2024, ingawa kuna waliouchanganya kwa makusudi.

Basi unatafuta njia ya kupandia udiwani.

Udiwani siutaki, nina cherehani. Ila hata kama mjumbe ana ndoto hiyo, msimkatae kwa hilo tu. Mpimeni kwa vikao alivyohudhuria. Daftari la mahudhurio lipo, na kila mzazi anaweza kuomba kuliona.

## Siku ya kupiga kura

Nani ana haki ya kupiga kura?

Mzazi au mlezi wa mtoto anayesoma hapa. Neno mlezi mlichukue kwa uzito wake. Shule yetu imejaa watoto wanaolelewa na bibi zao huku wazazi wakiwa Dar, Mombasa au Uarabuni. Bibi anayemwamsha mtoto, anayempikia na anayeitwa shuleni mtoto akiugua ndiye mpiga kura. Wasije wakamrudisha nyumbani eti hakumzaa.

Baba na mama tukija wote wawili, tunahesabiwa mmoja au wawili?

Jambo hili liamuliwe mwanzo wa mkutano, kabla jina lolote halijatajwa, na liandikwe kwenye muhtasari. Likiachwa mpaka kura zihesabiwe, linageuka silaha ya aliyeshindwa. Mimi nitaunga mkono kila mtu mzima aliyepo awe na kura yake, maana mama wengi wakihesabiwa pamoja na waume zao huwa hawanyooshi mkono kabisa.

Kwa nini mikutano inaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi?

Kwa sababu aliyeipanga anafanya kazi ofisini. Nimelisema hili kikaoni, na safari hii tumeomba Jumamosi alasiri. Tumeomba pia itazamwe kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanategemea taa, kwa hiyo hutoka usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Ukiita mkutano wakati wa giza, akina baba wa Sahare na Deep Sea unawakuta wamelala au bado wako pwani wanauza. Ukiita mbalamwezi, wanajaa.

Tunanyoosha mikono au tunaandika?

Tuandike. Ukinyoosha mkono mbele ya mwalimu wa mwanao, mbele ya shemeji yako na mbele ya mtu anayekudai, hujachagua. Karatasi ya daftari iliyokatwa vipande inatosha, na kura zihesabiwe hapo hapo watu wakiona.

Wenzako wametoa vitenge na soda. Wewe?

Sitoi. Mtu anayetumia fedha yake kupata kazi isiyo na mshahara, jiulize atairudisha wapi.

## Fedha

Elimu si bila malipo? Mbona michango haiishi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowagombanisha wazazi na walimu bure.

Ada na michango ya lazima viliondolewa kuanzia Januari 2016. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ukagawa majukumu: serikali inapeleka ruzuku ya kuendesha shule, na mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mwanawe na chakula kama mtoto ni wa kutwa. Kwa hiyo mwalimu akikwambia ununue daftari, hajavunja waraka wowote.

Mchango ni habari nyingine. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na walimu wakakatazwa kukusanya fedha. Mzazi mwenye nia ya kuchangia hakuzuiwa, ila njia ni kupitia uongozi wa halmashauri. Hivyo jambo likikubaliwa na mkutano wa wazazi, likaandikwa, likapata kibali cha halmashauri na likawa la hiari, hilo ni halali. Likiletwa na mtoto kwenye kijikaratasi, "kesho kila mtu aje na elfu mbili", hilo si halali, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake hata mara moja. Likikutokea, piga picha hicho kijikaratasi umletee mjumbe yeyote.

Hiyo ruzuku ni kiasi gani?

Kiwango cha msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazokuja shuleni. Chukua shule ya watoto 800: ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, mitihani ya kuchapa, bili ya maji, kitasa kilichovunjika na mipira ya michezo. Tena fedha hiyo inakuja imegawanywa kwa mafungu: vifaa, ukarabati, mitihani, michezo, utawala. Huwezi kuichota yote ukajenga choo.

Nimeziweka hesabu hizi kwa sababu kuna mtu kasimama mtaani anasema shule inapokea mamilioni kila mwezi. Mwambieni agawanye.

Nitajuaje kama fedha hazijaliwa?

Kuna vitu vitatu vya kutazama. Ubao wa matangazo: mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa pale, si kufungiwa kabatini. Muhtasari wa kikao: matumizi ya fedha za shule yanapaswa kuwa yamepitishwa na kamati, na muhtasari uliosainiwa ndio ushahidi. Cha mwisho ni stakabadhi za dukani, na hapa ndipo mimi husumbua watu.

Mwaka jana iliwekwa mezani stakabadhi ya mabati. Idadi ilikuwa sawa na bei ilikuwa sawa, ila geji haikuandikwa. Kwa mji wa pwani kama wetu geji ndiyo kila kitu. Chumvi inakula bati jembamba la geji 30 mapema, na tulikuwa tumepitisha geji 28. Tulitoka kikaoni tukaenda stoo kuyapima, tukakuta ni geji 30, na muuzaji akayabadilisha. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyetukanwa. Ukitaka kujua kwa nini nagombea tena, ni kwa ajili ya vitu vya namna ile.

Ukiwa na ushahidi wa wizi wenyewe, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Ushahidi, lakini, si maneno ya barazani.

Nikitoa mchango wa hiari, nidai nini?

Stakabadhi ya serikali au namba ya malipo ya kulipia benki au kwa simu. Kusajiliwa jina kwenye daftari la mstari si stakabadhi. Umetoa kwa vitu, labda mifuko ya saruji au gunia la mahindi? Dai kiandikwe kwenye kitabu cha kupokelea vifaa na utie saini.

## Yaliyofanyika na yaliyokwama

Kipindi hiki mmefanya nini cha kuonekana?

Vyoo vya wasichana. Kipimo kinachotakiwa ni tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Tulipoingia hatukufika hata nusu, na matundu yaliyokuwepo milango yake haikufungika. Msichana wa darasa la sita alikuwa anakwenda chooni na mwenzake wa kumshikia mlango, na siku zake zikifika anabaki nyumbani.

Matundu mapya yalijengwa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia ujenzi badala ya kumpa mkandarasi, kwa kumtumia fundi wa hapa hapa mtaani. Makomeo yaliyokuwa kwenye orodha ya vifaa yalikuwa ya chuma. Fundi mwenyewe, mzee wa Makorora, akatuambia ya chuma yatashika kutu, hayatamaliza masika mawili, akayachonga ya mbao ya mninga, unasukuma kushoto yanashika. Mpaka leo yanafanya kazi. Nenda kajaribu.

Upande wa wavulana bado haujajengwa. Ndio wa kwanza kwenye orodha ya kipindi kijacho, na mjumbe yeyote atakayechaguliwa, awe mimi au mwingine, ataukuta kwenye muhtasari.

Uji ulianza vizuri. Uliishia wapi?

Uliishia Ramadhani. Tulisimamisha kwa heshima ya mfungo, jambo ambalo kila mtu aliliafiki, na baada ya Idi hatukuweza kuuwasha tena. Madeni ya kuni na ya mpishi yalikuwa yamebaki, na wazazi waliokuwa wanaleta mahindi walikuwa wamechoka kuwalishia wasioleta.

Hapo penye "kuwalishia wasioleta" ndipo penye ubishi wote. Wapo wanaosema asiyechangia mwanawe asipewe. Mimi sikubaliani, na sitakubali hata nikichaguliwa kwa sharti hilo. Huwezi kumweka mtoto wa miaka 7 pembeni anawatazama wenzake wanapuliza vikombe kwa kosa la baba yake. Lakini pia siwezi kusema chakula ni kazi ya serikali, kwa sababu waraka umekiweka upande wetu (tazama swali la michango hapo juu).

Ninachopendekeza: tuanze na elimu ya awali, darasa la kwanza na la pili peke yake, ambao ndio wanaosinzia saa nne. Kiasi ni kidogo, kinabebeka. Mzazi asiye na fedha alete mzigo wa kuni, au aje asubuhi moja kukoroga uji na kuosha vyombo. Tukimudu mwaka mzima, pamoja na kusimama Ramadhani na kuanza tena, ndipo tupande madarasa ya juu.

Na matokeo ya darasa la saba?

Yamepanda kidogo. Sijidai nayo, ni kazi ya walimu na ya watoto wenyewe. Kamati ilichofanya ni kupata taa kwa ajili ya masomo ya jioni na kusisitiza kwamba masomo hayo yasitozwe.

Wewe ni fundi cherehani. Sare za shule si unashona wewe?

Sizishoni. Tangu niingie kwenye kamati sipokei kazi ya sare za shule hii, hata ya jirani yangu wa ukuta mmoja. Na mjue: shule haiwezi kumlazimisha mzazi kununua kwa fundi au duka fulani. Rangi na mshono vikiwa sawa, shona popote.

## Mambo mazito

Mwalimu kamchapa mwanangu hadi kavimba. Nije kwako?

Kwanza hospitali, kama kuna jeraha. Kisha njoo, au nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Kanuni za 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa masharti: visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Chochote nje ya hapo ni kosa. Omba kukiona kitabu. Kama tukio halimo, umeshapata nusu ya kesi yako.

Mwalimu mkuu akikupiga chenga, panda kwa Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Ukatili wa aina nyingine kwa mtoto, hasa ule wa aibu ambao familia hupenda kuumaliza "kiukoo", usije kwangu wala kwa mjumbe yeyote. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au nenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Kamati haina mamlaka ya kusuluhisha jinai, na mjumbe anayekuitisha kikao cha kupatana anakupotosha.

Kuna mwalimu hafundishi. Kamati imfukuze.

Haiwezi. Kamati haiajiri wala haifukuzi, nidhamu ya mwalimu iko kwa mwajiri wake na Tume ya Utumishi wa Walimu. Tunachoweza ni kuandika: tarehe, vipindi alivyokosa, darasa gani. Barua yenye tarehe ina nguvu kuliko wazazi mia wanaopiga kelele getini, ingawa najua kelele zinaburudisha moyo.

Binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi?

Anaweza. Serikali iliruhusu Novemba 2021, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo unaeleza utaratibu. Mwalimu au mjumbe akisema "tutazungumza kwenye kikao kwanza", mkumbusheni kwamba ruhusa ilishatolewa.

Vipindi vya ziada vinagongana na madrasa.

Kweli, na watoto wanaumia kwa kukimbizwa huku na huku. Mapatano ya sasa na walimu wa madrasa za jirani ni kwamba darasa la nne na la saba pekee wanabaki jioni, tena si Alhamisi. Yameandikwa. Yakivunjwa, mnijulishe.

Tunasikia darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kamati inajua?

Inajua. Mtaala mpya ulianza 2024, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6. Walioingia darasa la tatu mwaka ule wanafika la sita 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mbele yao wanamaliza la saba. Mikondo miwili itafanya mtihani wa mwisho kwa mpigo, na sekondari zetu zitapokea mafuriko 2028.

Hofu yangu ni darasa la sita. Kwa mazoea yetu, macho yote ya shule, taa, vitabu na walimu wazuri huelekezwa la saba. Kamati ijayo isipokaa macho, la sita watasoma kwa mabaki. Atakayegombea, mimi nikiwemo, mwulizeni ana mpango gani na hilo. Mtoto wenu akiwa darasa hilo, mwulizeni mara mbili.

Mwanao mkubwa anamaliza karibuni. Utaendelea kukaa kwenye kamati kwa kigezo gani?

Mdogo yuko darasa la pili. Asingekuwepo, nisingegombea. Mjumbe mzazi asiye na mtoto shuleni anachelewa kusikia mambo: choo kikiziba yeye hana wa kumwambia.

Na mimi nataka kugombea dhidi yako. Nitaonekana adui?

Hutaonekana, na ningependa muwe wengi. Majina yanapokelewa mkutanoni, unapendekezwa na mzazi mwenzako na kuungwa mkono. Kabla ya siku hiyo pita ofisini kwa mwalimu mkuu, omba mwongozo wa kamati na mihtasari ya mwaka mmoja uliopita usome. Ukinyimwa, njoo na kipande cha karatasi kinachosema uliomba lini na ulijibiwa nini, tutakisoma kwenye mengineyo.